Kutoka seli 1 hadi seli 9,749: uchambuzi wa otomata ya Ulam na Warburton

Otomata ni mfumo wa seli zinazobadilika kizazi kwa kizazi kwa kufuata kanuni moja, na kazi ya hii inaelezeka kwa pumzi moja. Chukua uwanja wa miraba usio na mwisho, washa seli moja, kisha katika kila kizazi washa kila seli tupu yenye jirani mmoja tu aliyewaka. Jirani ni wa ubavuni: wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Wa pembeni kwa mshazari hahesabiwi. Seli ikishawaka haizimiki tena. Je, kizazi cha 100 kina seli ngapi zilizowaka?

Jibu ni 9,749. Hapa tunaeleza namba hiyo inapatikanaje, kwa mkono na kwa kompyuta, na kwa nini programu nyingi za mara ya kwanza hutoa namba nyingine. Kanuni ni fupi, lakini mitego yake ni mingi, na uzuri wake ni kwamba karibu kila mtego huacha alama inayotambulika ndani ya mfuatano wenyewe.

Stanisław Ulam, mwanahisabati wa maabara ya Los Alamos kule Marekani, alichapisha mwaka 1962 kazi kuhusu maumbo yanayokua kwa kanuni za namna hii, na kompyuta za Los Alamos zilitumika kuyachora. Miaka 40 baadaye, mwaka 2002, Mike Warburton aliandika kuhusu kanuni ya “jirani mmoja tu” katika jarida la M500 la Uingereza, na mwaka uliofuata David Singmaster akaichambua kwa kina. Ndiyo maana otomata hii inabeba majina mawili. Katika hazina ya mifuatano ya namba kamili iliyoanzishwa na Neil Sloane, OEIS, jumla ya seli zilizowaka imeorodheshwa kwa namba A147562, na seli mpya za kila kizazi kwa namba A147582.

Anza kwa mkono

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari la hesabu lenye miraba na kalamu mbili za rangi tofauti. Rangi mbili si mapambo. Kwa rangi ya kwanza unatia nukta kwenye kila mraba unaostahili kuwaka katika kizazi kinachofuata, huku ukitazama tu miraba iliyokwisha kujazwa. Ukimaliza kuzunguka umbo zima, ndipo unazijaza nukta zote kwa rangi ya pili. Anayejaza huku anaendelea kukagua atakuwa anahesabu mtoto kama mzazi kabla kizazi hakijaisha, na umbo litapinda upande mmoja.

Mbegu ni kizazi cha 1. Kizazi cha 2 kinaongeza seli 4, moja kila ubavu, jumla 5. Katika kizazi cha 3 wengi hutarajia umbo litanuke kila upande, lakini miraba minne ya mshazari iliyo karibu na mbegu ina jirani wawili waliowaka, kwa hiyo haiwaki. Zinazowaka ni ncha 4 tu, jumla 9. Katika kizazi cha 4 kila ncha inatoa seli tatu, moja mbele na mbili ubavuni, yaani 12, na jumla inakuwa 21. Umbo la kizazi cha 4 ni hili:

. . . # . . .
. . # # # . .
. # . # . # .
# # # # # # #
. # . # . # .
. . # # # . .
. . . # . . .

Ukihesabu mstari kwa mstari unapata 1, 3, 3, 7, 3, 3, 1, ambazo jumla yake ni 21. Tazama pia matundu manne yaliyozunguka katikati. Kila moja lina jirani wanne waliowaka, na litabaki tundu milele, kwa sababu idadi ya jirani waliowaka haipungui kamwe. Sifa hii ya kutopungua tutaihitaji baadaye.

Endelea hadi kizazi cha 16 na seli mpya zitakuwa hivi: 1, 4, 4, 12, 4, 12, 12, 36, 4, 12, 12, 36, 12, 36, 36, 108. Jumla zake: 1, 5, 9, 21, 25, 37, 49, 85, 89, 101, 113, 149, 161, 197, 233, 341. Kuchora hadi kizazi cha 8 kunatosha kuona utaratibu, na mwanafunzi mwenye subira anamudu. Kizazi cha 16 kinahitaji ukurasa wenye miraba isiyopungua 31 kila upande.

Kwa nini 3?

Tazama seli mpya tena. Katika kizazi cha 5 ukuaji unaanguka ghafla hadi 4, na katika kizazi cha 9 unaanguka tena hadi 4. Anayechora anaona sababu kwa macho: kizazi cha 8 kimemaliza kujaza kila palipokuwa na nafasi, na mahali pekee palipo wazi ni mbele ya ncha nne za msalaba mkubwa. Ndivyo inavyotokea kila kizazi kinapofikia 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili.

Baada ya hapo, kila moja ya seli nne mpya inafanya kazi ya mbegu. Kutoka kwake umbo zima linaanza upya, lakini si kwa mikono yote minne. Mkono unaoelekea nyuma umezibwa na umbo la zamani, kwa hiyo inabaki mitatu. Mbegu nne, kila moja ikitoa robo tatu ya umbo asili, ni sawa na umbo asili mara 3. Hiyo ndiyo 3 inayorudi kila mahali katika mfuatano huu.

Tulihakikishe hili kwa kizazi cha 8. Umbo la seli 21 lina mbegu moja na mikono minne ya seli 5 kila mmoja. Katika kizazi cha 5 zinaongezeka mbegu mpya 4. Kutoka kizazi cha 6 hadi cha 8 kila mbegu mpya inakuza mikono mitatu ya seli 5, yaani seli 15, na mbegu nne zinatoa 60. Kwa hiyo 21 + 4 + 60 = 85. Mikono ya mbegu mbili zilizo jirani inapokaribiana kwenye mshazari, mraba ulio katikati yao unaguswa na pande zote mbili kwa wakati mmoja, unapata jirani wawili, na unabaki tupu. Ndiyo maana mikono haivurugani.

Kutoka hapo kanuni ya hesabu inajileta yenyewe. Chukua namba ya kizazi, toa 1, iandike kwa msingi wa pili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, kisha hesabu tarakimu 1 zilizomo. Ikiwa zipo w, seli mpya za kizazi hicho ni 4 mara 3 kwa kipeo cha (w − 1). Kizazi cha 8: 8 − 1 = 7, kwa msingi wa pili ni 111, w = 3, kwa hiyo 4 × 9 = 36. Kizazi cha 9: 8 ni 1000, w = 1, seli mpya 4. Kanuni inaanzia kizazi cha 2. Kizazi cha 1 ni mbegu peke yake.

Hapo kwenye “toa 1” ndipo wengi huteleza. Ukiitumia namba ya kizazi bila kutoa 1, kizazi cha 2 kinakubali (4), kizazi cha 3 kinakudai 12 badala ya 4, na jumla yako inasomeka 1, 5, 17. Ukiona 17 katika nafasi ya tatu, usitafute kosa kwenye uwanja wa miraba. Kosa ni la kuhesabu vizazi.

Kufika 100 bila kuchora

Kujumlisha vizazi 100 kimoja kimoja kunawezekana, ila kuna njia fupi ambayo mtu anaifanya nyuma ya bahasha. Ivunje 100 kuwa vipeo vya 2, kuanzia kikubwa: 64 + 32 + 4. Kila kipande kina mchango wake. Chukua kipande, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 3 mara nyingi kadiri ya vipande vilivyotangulia:

64 × 64 = 4,096
32 × 32 × 3 = 3,072
4 × 4 × 9 = 144

Jumla ni 7,312. Toa 1, gawanya kwa 3, zidisha kwa 4, ongeza 1. Inapatikana 7,311, halafu 2,437, halafu 9,748, na mwisho 9,749.

Njia hiyohiyo kwa kizazi cha 11: 11 = 8 + 2 + 1, michango ni 64 + 12 + 9 = 85; kisha 84, 28, 112, 113. Rudi kwenye orodha ya juu, nafasi ya kumi na moja, utaikuta 113. Pale kizazi kinapokuwa kipeo kimoja cha 2, hesabu ni fupi zaidi: zidisha n kwa n kwa 4, toa 1, gawanya kwa 3. Ndiyo asili ya 1, 5, 21, 85, 341, 1,365.

Upande wa programu

Ukitumia safu ya miraba kwenye kompyuta, ukubwa wake hauchaguliwi kwa kukisia. Katika kizazi cha n ncha ziko hatua n − 1 kutoka kwenye mbegu, kwa hiyo upande mdogo kabisa unaoweza kulibeba umbo ni 2n − 1. Weka 2n + 1 ili kila seli iliyowaka izungukwe na ukingo mtupu na usome jirani bila hofu. Kwa kizazi cha 100 upande ni 201, seli 40,401, na mbegu ikae nafasi ya 100 kwenda na ya 100 kushuka ikiwa unahesabu kuanzia 0.

Lakini kupitia seli zote 40,401 kila kizazi ni kazi ya bure. Ile sifa ya idadi ya jirani kutopungua inakupa njia nyepesi. Seli tupu ikifikisha jirani mmoja, ama inawaka katika kizazi kinachofuata papo hapo, ama imerukia wawili au zaidi na haitawaka kamwe. Kwa hiyo wagombea wa kizazi kipya ni jirani wa seli zilizozaliwa mara ya mwisho tu, si wengine. Tunza vitu viwili: orodha ya seli zilizozaliwa mwisho, na kihesabio kwa kila seli kinachoonyesha imeguswa na jirani wangapi. Katika kila kizazi, pita kwenye orodha na uongeze 1 kwenye vihesabio vya jirani wanne wa kila seli. Ukimaliza orodha yote, ndipo uwashe seli tupu zilizoguswa katika mzunguko huo ambazo kihesabio chao ni 1 kamili. Hizo ndizo orodha mpya.

Hatua hizo mbili zisichanganywe. Ukikagua kihesabio mara tu baada ya kukiongeza, mguso wa kwanza wa seli yoyote utasoma 1 na seli itawaka kabla jirani wa pili hajapata nafasi ya kuizuia. Matokeo ni mraba uliosimama kwenye pembe yake, uliojaa bila tundu hata moja: 1, 5, 13, 25, 41. Mfuatano huohuo anaupata aliyeandika “angalau jirani mmoja” badala ya “jirani mmoja tu”. Ukiona 13 mahali pa 9, kagua mambo hayo mawili kwanza.

Makosa na alama zake

Kosa linaloharibu zaidi ni kubadilisha safu ileile unayoisoma. Fuatilia linavyotokea ukiwa unasoma mstari kwa mstari kutoka juu, kushoto kwenda kulia. Seli iliyo juu ya mbegu inawaka, vizuri. Unahamia seli ya kulia kwake: inamwona jirani mmoja aliyewaka, yule aliyewaka sasa hivi, nayo inawaka. Inayofuata vilevile, na nyingine, hadi ukingo wa safu. Kwenye mstari wa mbegu, seli ya kulia kwa mbegu sasa ina jirani wawili, haiwaki, inayofuata ina mmoja wa juu, inawaka, nyingine haiwaki. Kabla kizazi cha 2 hakijakwisha una mstari uliojaa hadi ukutani na chini yake mstari wa kuruka moja moja. Alama yake haifichiki: jumla inabadilika ukibadilisha ukubwa wa safu. Otomata iliyoandikwa sawasawa haijui safu yako ni kubwa kiasi gani.

Wanaotumia lugha ya programu ya Python huliingia kosa hili hata wakidhani wamelikwepa. Wanaandika kwamba safu mpya ni sawa na safu ya zamani, wakiamini wamenakili, kumbe wameipa safu moja majina mawili. Kunakili lazima kufanywe mstari kwa mstari. Ndugu yake ni kuunda safu kwa kuzidisha mstari mmoja mara nyingi: mistari yote inakuwa kitu kimoja, na ukiwasha seli moja, nguzo nzima inawaka kutoka juu hadi chini.

Safu ndogo kuliko inavyotakiwa ina alama nyingine, na hii ndiyo inayodanganya watu wazima. Chukua safu ya 15 kwa 15 inayopuuza chochote kilicho nje ya ukingo. Hadi kizazi cha 8 kila kitu ni sahihi, 85. Kizazi cha 9 kinapaswa kuongeza seli 4 tu, na zote nne ziko nje ya safu. Haizaliwi hata moja. Programu inatoa 85, 85, 85 bila mwisho, na mtu anahitimisha kwamba otomata imefika kikomo. Kwa safu ya 63 kwa 63 kukwama kunatokea kwenye 1,365. Jumla ikiganda kwenye namba ya mfuatano wa 5, 21, 85, 341, 1,365, ongeza safu. Na katika Python ujihadhari na nafasi ya −1: haileti kosa lolote, inasoma seli ya upande wa pili wa safu, na ukingo wa kushoto unaanza kumwona wa kulia kama jirani.

Ukihesabu jirani wanane badala ya wanne, unapata otomata nyingine kabisa, yenye mfuatano wake halali: 1, 9, 13, 33. Hii inagundulika mara moja kwa sababu nafasi ya pili ni 9.

Inayochelewa kugundulika ni “idadi witiri ya jirani”, yaani mmoja au watatu. Wengine huiandika hivyo kwa sababu ni rahisi kuikokotoa. Namba sita za kwanza zinalingana kabisa na sahihi: 1, 5, 9, 21, 25, 37. Tofauti inajitokeza katika kizazi cha 7. Miraba minane iliyo hatua 3 upande mmoja na hatua 1 upande mwingine kutoka kwenye mbegu imeguswa na jirani watatu, kwa hiyo inawaka isivyotakiwa, na jumla inakuwa 57 badala ya 49. Somo la vitendo ni kwamba kulinganisha namba tano au sita na orodha hakutoshi. Linganisha zisizopungua 16, na hata unapotafuta mfuatano katika OEIS usiingize chini ya 8.

Kuna kipimo kimoja cha bei nafuu kwa namba yoyote, hata usiyokuwa na jibu lake. Umbo lina ulinganifu wa pande nne, kwa hiyo ukiondoa mbegu, seli zote zinagawanyika kwa 4. Jumla ikitolewa 1 isipogawanyika kwa 4, pana upande uliovunjika: ama kosa la kubadilisha safu inayosomwa, ama mbegu iliyowekwa kando ya katikati kwenye safu ndogo. Kipimo hiki hakikamati makosa yenye ulinganifu. Ile 13 inapita, na 57 inapita.

Usitafute namba moja ya ukuaji

Baada ya programu kukubali, hamu inayofuata ni kuchora jumla dhidi ya n na kupitisha mkunjo wa n × n. Mkunjo unaonekana kukaa vizuri, na hapo ndipo unapopotosha. Gawanya jumla kwa n × n. Kwenye kizazi cha 4 ni 21/16, yaani 1.3125, kizazi cha 8 ni 85/64, karibu 1.328, vipeo vya 2 vinaendelea kupanda kuelekea 4/3 bila kuigusa. Sasa tazama katikati ya vipeo hivyo. Kizazi cha 11 ni 113/121, karibu 0.934. Kizazi cha 23 kina seli 489, uwiano 0.924. Kizazi cha 45 kina 1,849, uwiano 0.913. Kizazi cha 91 kina 7,505, uwiano 0.906. Mabonde haya yanazama kuelekea 0.9026 na kidogo. Kwa hiyo uwiano haufikii kikomo kimoja. Unayumba kati ya mipaka hiyo miwili kila n inapozidishwa mara mbili, hata ukienda mbali kiasi gani. Mtu akikupa namba moja ya ukuaji wa otomata hii, muulize alipima kizazi kipi.

Kizazi cha 100 kiko mwanzo tu wa kupanda kutoka kwenye bonde la 91: 9,749 kwa 10,000 ni 0.9749. Kwa anayetaka kuipima programu yake mahali hapohapo, namba tatu mfululizo ni hizi: kizazi cha 99 kina seli 9,641, cha 100 kinaongeza 108, kwa kuwa 99 kwa msingi wa pili ni 1100011 yenye tarakimu 1 nne, na kufanya 9,749, cha 101 kinaongeza 36, kwa kuwa 100 ni 1100100, na kufanya 9,785.